Maswali ya Wasomaji: Mwenye Nyumba Akipandisha Kodi

Kila mwaka unapoanza, barua za wapangaji huongezeka katika safu hii, na safari hii zimetoka Mombasa, Nakuru, Nairobi na Kisumu zikiuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, mwenye nyumba anaweza kutaja kodi mpya wakati wowote apendao, na mpangaji akabaki na hiari ya kulipa au kuhama tu? Jibu hutegemea kwanza unapanga nini. Sheria za Kenya hazimtazami mpangaji wa duka kwa jicho lile lile linalomtazama mpangaji wa nyumba ya kuishi, na hata miongoni mwa wanaopanga nyumba za kuishi, kiasi cha kodi ndicho kinachoamua mpangaji apeleke wapi malalamiko yake. Tumezichagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Swali: Kwako wakili, salamu. Nina duka la ushonaji Kongowea, Mombasa, katika jengo la mtu binafsi. Nimekaa hapo miaka tisa bila mkataba wa maandishi, nikilipa shilingi 12,000 kila mwezi kwa M-Pesa. Juzi keateka, yaani mtunza jengo, alinionyesha ujumbe wa simu kutoka kwa mwenye jengo ukisema kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi ujao nitalipa 18,000, na asiyetaka arudishe ufunguo. Sitaki ugomvi na mtu, lakini nyongeza hii itanimaliza. Nifanye nini? *Fundi, Kongowea*

Jibu: Ndugu fundi, kwanza usirudishe ufunguo. Wapangaji wengi wa maduka hudhani kwamba kukosa mkataba wa maandishi kunawaacha bila kinga, ilhali kwa sheria inayokuhusu mambo ni kinyume chake. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa, ambayo ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya na iliyopitishwa mwaka 1965, inaulinda upangaji wowote wa aina hiyo ambao haukuandikwa, pamoja na ule ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Duka, kwa mujibu wa sheria hiyo, ni mahali panapouzwa bidhaa kwa jumla au kwa rejareja, au panapotolewa huduma kwa malipo, kwa hiyo cherehani zako zimo, sawa na kiti cha kinyozi na saluni ya kusuka nywele. Umefanya vyema kutaja kwamba jengo ni la mtu binafsi, kwa sababu ulinzi huu haumfikii anayepanga kwa serikali au kwa serikali ya kaunti, na jirani yako mwenye kibanda ndani ya soko la kaunti hawezi kuutegemea.

Katika upangaji unaolindwa hivyo, mwenye jengo anayetaka kubadilisha sharti lolote, kodi ikiwa mojawapo, hana budi kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, inayojulikana kama Fomu A. Notisi hiyo lazima ieleze sababu za mabadiliko, lazima imtake mpangaji ajibu katika muda wa mwezi mmoja kama anakubali au anakataa, na haiwezi kuanza kutumika kabla ya miezi miwili kupita tangu mpangaji alipoipokea. Ujumbe aliokuonyesha keateka haukutimiza hata sharti moja kati ya hayo. Mahakama ya Rufaa ililiweka jambo hili wazi katika miaka ya 1990, katika kesi iliyotoka huku huku Pwani baina ya Diani Boutique na South Coast Fitness and Sports Centre, iliposisitiza kwamba upangaji unaolindwa na Sura ya 301 hauwezi kukatizwa ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria yenyewe, na kwamba notisi isiyofuata utaratibu huo haina nguvu. Hadi leo majopo na mahakama hurejelea uamuzi huo karibu kila kesi ya aina yako inaposikilizwa.

Hata hivyo, notisi kuwa batili si sababu ya kukaa kimya. Mwandikie mwenye jengo barua, upige nakala, na umpe kwa njia itakayoacha ushahidi, iwe ni kwa kitabu ambamo keateka atatia sahihi au kwa posta ya rejista. Haihitaji maneno makali. Inatosha kuandika: “Nimepokea ujumbe wako wa tarehe fulani unaotaka kodi ya duka langu ipande kutoka shilingi 12,000 hadi 18,000. Sikubaliani na nyongeza hiyo, na ujumbe wenyewe haukufuata Sura ya 301. Nitaendelea kulipa kodi ya sasa kwa tarehe yake ya kawaida, na niko tayari tuzungumze.” Sentensi ya mwisho usiifute, maana wenye majengo wengi hulegea wakiona kwamba mpangaji anaijua sheria lakini hajaja na shari.

Huenda baada ya barua yako akaenda kwa wakili wake na kurudi na Fomu A iliyojazwa sawasawa, na hapo ndipo wapangaji wengi huangukia. Ukishapokea notisi halali, una mwezi mmoja wa kumjibu kwa maandishi kwamba hukubali, na kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza kutumika lazima uwe umepeleka pingamizi kwenye Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo husikiliza mizozo Nairobi na pia katika miji mingine, Mombasa ikiwemo. Usipofanya hivyo na tarehe ikapita, notisi hushika, na kodi mpya inakuwa ndiyo kodi yako hata kama ni kubwa kupita kiasi na hata kama ungeshinda endapo ungefika. Nawaombeni sana mlizingatie hili, kwa kuwa wapangaji wengi zaidi hupoteza haki yao kwa kuikunja notisi na kuitia kwenye mtoto wa meza wakingoja mwenye jengo abadili nia, kuliko wanaoipoteza kwa kushindwa kesi.

Ukifungua pingamizi kwa wakati, kodi ya zamani huendelea mpaka Jopo liamue. Jopo halitazami huruma peke yake wala tamaa peke yake. Linachotafuta ni kodi inayostahili kwa jengo kama hilo mahali kama hapo, na kwa kawaida kila upande huleta ripoti ya mthamini wa mali inayolinganisha maduka ya jirani. Ripoti hiyo ina gharama yake, na mtaa mzima wa wapangaji waliopata notisi moja hufanya busara kumlipa mthamini kwa pamoja. Hata kabla ya kufika kwa mthamini, anza leo kukusanya ushahidi wako: maduka ya ukubwa huo mtaani yanalipiwa kiasi gani, yana maji au hayana, yanatazama barabara au yako ndani ya uchochoro. Kama uliweka sakafu, ukavuta umeme au ukajenga rafu kwa fedha zako, toa risiti zake, ili usitozwe zaidi kwa uzuri uliouleta mwenyewe.

Na kodi ya sasa ilipe bila kukosa hata mwezi mmoja. Mwenye jengo akiirudisha M-Pesa au akikataa kuipokea, hifadhi ujumbe wa muamala uliorudishwa, iweke fedha hiyo kando bila kuigusa, na uliombe Jopo litoe agizo la mahali pa kuilipa. Mpangaji anayepinga nyongeza huku amelimbikiza deni la kodi ile ile ya zamani huingia mbele ya Jopo akiwa ameshapoteza nusu ya heshima yake. Likitokea la kutokea ukakuta kufuli geni mlangoni, jua kwamba mwenye jengo hana ruhusa ya kufunga duka lako kwa sababu umekataa nyongeza, wala hawezi kuleta dalali kukamata cherehani zako bila idhini ya Jopo. Peleka malalamiko yako kwenye Jopo siku hiyo hiyo na uombe amri ya kufunguliwa. Upande utakaoona haukutendewa haki na uamuzi wa mwisho una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Swali: Mimi nina mkahawa mdogo Nakuru. Mkataba wangu wa miaka mitatu umekwisha na mwenye jengo ameniletea mpya wa miaka mitano na miezi mitatu, unaosema kodi itapanda kwa asilimia 10 kila mwaka. Ananiambia ni fomu ya kawaida tu, nitie sahihi. Je, kuna ubaya? *Mwenye mkahawa, Nakuru*

Jibu: Hiyo miezi mitatu haikuwekwa hapo kwa bahati. Kama nilivyoeleza katika jibu lililotangulia, sheria inaulinda upangaji ulioandikwa ambao hauzidi miaka mitano, na mawakili wa wenye majengo wanajua kwamba mkataba ukivuka hapo hata kwa miezi michache, mpangaji huondoka chini ya ulinzi wa Jopo na kubaki na yale tu aliyoyatilia sahihi. Ukishaukubali, asilimia 10 ya kila mwaka itakuwa ahadi yako, na Jopo halitakuwa na mamlaka ya kukupunguzia. Piga hesabu kabla ya kalamu: kodi ya shilingi 40,000, ikipanda hivyo mara nne, mwaka wa tano itakuwa imefika 58,564.

Simaanishi kwamba mkataba wa namna hiyo haufai kamwe. Mtu anayetaka kuwekeza katika jiko, meza na mabomba huenda akaona afadhali awe na uhakika wa miaka mitano ya kutoguswa, na nyongeza inayojulikana mapema huweza kuwa nafuu kuliko mvutano wa kila mara. Lakini hilo liwe chaguo lako ukiwa na macho wazi. Omba asilimia ndogo zaidi, au nyongeza iwe kila baada ya miaka miwili. Soma pia kifungu cha kuvunja mkataba: kama kinampa upande wowote ruhusa ya kuuvunja kabla ya miaka mitano kwisha bila mwenzake kuwa amekosa lolote, upangaji huo hurudi chini ya ulinzi wa Sura ya 301 hata ukiandikwa kuwa wa miaka mingi zaidi. Mpe wakili akusomee. Ada ya kusomewa mkataba ni ndogo ikilinganishwa na kodi ya miaka mitano. Kwa sasa, maadamu mwenye jengo amekuacha uendelee na anapokea kodi yako, hakuna haja ya kutia sahihi kwa haraka.

Swali: Tunaishi Githurai, nyumba ya chumba kimoja cha kulala na sebule, mimi, mke wangu na watoto wawili. Tunalipa 14,000. Ajenti ametuma ujumbe kwa wapangaji wote kwamba kodi itakuwa 17,000 kuanzia mwezi ujao. Mkataba wetu wa mwaka mmoja ulikwisha zamani na hatukuandika mwingine. Naweza kwenda kwenye Jopo? *Baba wa wawili, Githurai*

Jibu: Natamani ningekujibu ndiyo, na inaniuma kwamba siwezi. Jopo linaloshughulikia nyumba za kuishi liliundwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, na sheria hiyo inazihusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, wakati shilingi 2,500 iliweza kupanga nyumba nzuri ya familia mjini. Leo kimebaki pale pale huku kodi zikikimbia, na matokeo yake ni kwamba mwenye duka analindwa zaidi dhidi ya nyongeza kuliko mama anayelaza watoto chumbani. Muswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa mwaka 2021 ulipendekeza kuziunganisha sheria hizi za zamani ziwe sheria moja, na kwa maoni yangu Bunge halina deni kubwa kwa wapangaji wa mijini kuliko hilo.

Lakini kutokuwa na Jopo si kutokuwa na haki. Mkataba wenu ulipokwisha nanyi mkaendelea kuishi na kulipa, mliingia katika upangaji wa mwezi kwa mwezi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinasema upangaji wa namna hiyo huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, ambacho kwenu ni mwezi mmoja, isipokuwa kama mkataba wenu wa zamani ulitaja muda mrefu zaidi wa notisi. Usome tena kabla hujafanya lolote. Kodi ni makubaliano ya pande mbili, kwa hiyo ujumbe wa ajenti ni pendekezo mpaka mtakapolikubali. Msipolikubali, mwenye nyumba anaweza kuwapa notisi ya kuhama, na huo ndio ukweli mchungu wa nafasi yenu. Hawezi, hata hivyo, kuugeuza ujumbe kuwa deni, akahesabu tofauti ya 3,000 kuwa malimbikizo, kisha akatuma dalali kuchukua televisheni na godoro. Kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa na dalali aliyeidhinishwa, kwa kodi ambayo kweli inadaiwa. Kung’oa mlango, kukata maji au kutupa vyombo nje si njia ya kisheria ya kumwondoa mtu. Anayetaka kumtoa mpangaji asiyehama baada ya notisi kwisha anapaswa kwenda mahakamani.

Wale ambao mkataba wao wa mwaka haujakwisha wana nguvu zaidi. Kodi iliyoandikwa humo haiwezi kuguswa katikati ya muda, ila kama mkataba wenyewe una kifungu cha nyongeza.

Angalizo jingine ni kwamba kodi mpya ukiilipa mara moja bila neno, hiyo huhesabiwa kuwa umeikubali. Ikiwa huna budi kuilipa ili upate muda wa kutafuta kwingine, mwandikie mwenye nyumba barua mapema ukisema kwamba unalipa tofauti hiyo bila kuikubali na kwamba mazungumzo yanaendelea. Na kwa kuwa ujumbe umeenda kwa wapangaji wote, jibuni wote. Mwenye nyumba mwenye vyumba 20 anajua hasara ya vyumba vinane kukaa vitupu mwezi mzima, na barua moja yenye sahihi za wapangaji, inayopendekeza nyongeza ya 1,000 kuanzia baada ya miezi mitatu pamoja na kurekebishwa kwa pampu ya maji iliyoharibika, kama ipo, huzaa matunda mara nyingi kuliko malalamiko ya mmoja mmoja kwenye ngazi.

Swali: Shikamoo. Mimi ni mjane, napanga chumba Nyalenda, Kisumu, kwa 2,300. Mwenye ploti anataka 3,500, na tangu nikatae ameziba choo na kunitolea maneno kila asubuhi. *Mama, Nyalenda*

Jibu: Marahaba, mama, na pole sana. Wewe sheria inakulinda moja kwa moja, kwa sababu chumba chako kiko chini ya kile kiwango cha 2,500. Mwenye ploti hawezi kukivusha juu ya kiwango hicho kwa kauli yake tu. Kodi ya kisheria ya nyumba zilizopangishwa tarehe 1 Januari 1981 ni ile iliyokuwa ikitozwa siku hiyo, na kwa zile ambazo hazikuwa zimepangishwa wakati huo, anayeikadiria ni Jopo la Udhibiti wa Kodi. Ikiwa ana sababu ya haki ya kuongeza, kama vile kuboresha jengo kwa gharama yake, aipeleke huko.

Hayo mengine anayokufanyia ni kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba mwenye nyumba anayemsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe kodi kubwa zaidi ametenda kosa. Piga picha ya choo kilichozibwa, andika tarehe na maneno aliyoyasema, na mwombe jirani aliyesikia akubali kuwa shahidi. Kama mtaa wenu una mzee anayeheshimiwa, mwombe mwende pamoja na mwenye ploti mbele ya chifu kwa mazungumzo, lakini chifu hana mamlaka ya kupandisha kodi yako, na usitie kidole kwenye karatasi yoyote huko kabla ya kusomewa. Shirika la msaada wa kisheria litakusaidia kuandika malalamiko kwa Jopo bila malipo. Endelea kulipa 2,300 kila mwezi, na udai risiti.

Swali: Mwenye nyumba wangu anasema serikali imemwongezea ushuru wa kodi za nyumba, kwa hiyo ni lazima mimi nimlipie. Ni kweli? *Mpangaji, Likoni*

Jibu: Si kweli. Ushuru wa mapato ya kupangisha nyumba za kuishi humhusu yeye anayepokea kodi, na tangu Januari 2024 kiwango chake kwa wenye mapato ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kilishuka kutoka asilimia 10 hadi 7.5. Nyumba ya kuishi haitozwi VAT, yaani ushuru wa ongezeko la thamani. Kwa maduka na ofisi ni tofauti, kwani mwenye jengo aliyesajiliwa kutoza VAT huongeza asilimia 16 juu ya kodi, na mpangaji wa biashara anayeambiwa hivyo ana haki ya kudai ankara inayoonyesha ushuru huo. Mjibu mwenye nyumba wako kwa maandishi kwamba utaendelea kulipa kodi mliyokubaliana, na umwombe akuonyeshe ni kifungu gani cha mkataba wenu kinachokutwisha ushuru wake.